Vidole vya Kinyozi Geum-rye

Gwak Geum-rye alikuwa kinyozi, mwanamke pekee aliyeshika wembe katika mji mzima wa Yeongcheon, na hakupenda kuulizwa ilikuwaje. Akiulizwa hujibu kwamba baba yake alikuwa kinyozi, hakujaliwa mtoto wa kiume, na ndevu haziulizi nani anazinyoa. Duka lake lilikuwa na viti viwili, kimoja cha kunyolea na kingine cha kuwekea magazeti, nyuma kidogo ya soko wanakouza papa wa chumvi, kwenye mtaa unaonuka mizizi na magome kutwa kucha kwa sababu kila baada ya mlango mmoja kuna duka la dawa za asili. Wateja wake wengi walikuwa wazee. Walikuja kunyolewa, na walikuja kutaniwa, maana ulimi wa Geum-rye haukuwa na ala.

Alikuwa na miaka hamsini na saba alipoanza kuona damu chooni. Akajiambia ni bawasiri. Alijiambia hivyo msimu mzima wa kuchuma zabibu, mpaka asubuhi moja mumewe Seok-gyu alipomwona anatoka chooni huku ameshika ukuta.

"Mama Eun-sol," alimwita kwa jina la binti yao, kama kawaida yake. "Umekonda. Siku hizi huvai suruali, suruali ndiyo inakuvaa wewe."

"Joto hilo."

"Joto gani linalokula mtu makalio? Kesho tunakwenda Daegu."

"Kesho nina wateja."

"Waache waote ndevu."

Huko Daegu, katika hospitali kubwa, hawakuchukua siku nyingi kulitaja jina la kile kilichokuwa kinamkondesha. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ilikuwa imeshagonga hodi kwenye tezi za jirani. Walimpasua, wakatoa kipande cha utumbo kirefu kuliko shibiri, wakamshona. Jeraha lilipopona, daktari wa saratani, Daktari Pyo, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alimweka kitini akamweleza yaliyobaki: dripu kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili, kusafisha mabaki ambayo jicho halioni.

"Mojawapo ya dawa hizi huleta ganzi," alisema. "Mikononi na miguuni. Na baridi itakuuma sana. Kazi yako ni ipi?"

"Kinyozi."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Wa wembe?"

"Kwani kuna kinyozi wa shoka?"

Daktari Pyo hakucheka, ila aliandika neno hilo kwenye faili na kulipigia mstari. Geum-rye aliuona ule mstari. Njia nzima ya kurudi nyumbani kwa treni alikuwa akivitazama vidole vyake kumi juu ya mapaja, akivikunja na kuvikunjua.

Dripu mbili za kwanza zilipita na kichefuchefu chake. Baada ya ya tatu, mwezi wa Desemba, alifungua duka asubuhi, akanyoosha mkono kuchukua mkasi, na mkasi ukampiga kama waya ulio wazi. Akautupa. Akarudia, ukampiga tena. Chuma chochote kilicholala kwenye baridi kilikuwa kimekuwa nyoka. Basi akatafuta ujanja: akawa analoweka mikasi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anavaa glavu za sufu alizozikata ncha, anakunywa chai ya shayiri ya moto tu, na wateja wakiuliza anasema ameanza mtindo wa kifalme, mikasi inaoga kabla yao.

Ujanja huo uliweza baridi. Ganzi haukuiweza. Baada ya dripu ya nne ganzi ilikuja na haikuondoka. Vifungo vya shati vikawa fumbo. Vijiti vya kulia vilimponyoka juu ya bakuli la wali. Na siku moja ya Alhamisi, alipokuwa akimnyoa Mzee Bae, aliyestaafu ukuu wa stesheni na aliyekaa kwenye kiti kile tangu enzi za baba yake Geum-rye, wembe ulimteleza chini ya sikio. Hakuwa amesukuma. Hakuwa na haraka. Hakujua tu kama ameushika au hajaushika.

Damu ikatiririka kwenye taulo jeupe.

"Binti," Mzee Bae alisema bila kufumbua macho, "sikio hilo nalihitaji. La kushoto lilikufa zamani. Mke wangu akitaka kunigombeza hupitia hapo."

Siku nyingine Geum-rye angemrudishia. Siku hiyo alibana jeraha kwa pamba mpaka damu ikakauka, akamalizia shavu lililobaki kwa mashine ya umeme, akaufunga wembe, akauweka kwenye droo. Mzee alipoondoka, aliandika karatasi akaibandika kwenye kioo cha mlango: KUNYOA NDEVU KWA WEMBE KUMESIMAMA.

Jioni Seok-gyu aliisoma. "Kumesimama mpaka lini?"

"Kumesimama. Sikuandika kumekwisha."

Wakati huohuo ndipo alipoingia wifi yake. Jeom-suk, dada mkubwa wa Seok-gyu, alishuka kwenye gari na boksi lililomfika kidevuni. Ndani mlikuwa na vifuko mia moja vya maji meusi: uyoga wa mforosadi, alisema, umechemshwa siku mbili pamoja na mizizi ambayo mchemshaji, mzee mmoja wa milimani, hakutaka kuitaja kwa sababu ni siri ya ukoo.

"Wifi, nimekatazwa," Geum-rye alisema. "Daktari kasema nisinywe kitu chochote bila kumwambia."

"Daktari ana mshahara wake. Mimi nina kaka mmoja na wifi mmoja. Wewe unamiminiwa sumu kila wiki mbili, na huna hata cha kuizimulia! Kunywa. Asubuhi na jioni."

"Ni machungu?"

"Kama maneno yako. Kunywa."

Akanywa. Ukweli ni kwamba hakuhitaji kubembelezwa sana. Kulala chini ya dripu, kungoja vipimo, kungoja dripu nyingine, ni kazi ambayo hata kiti kinaiweza, na Geum-rye hakuzoea kuishi bila kufanya jambo kwa mikono yake. Kukata kifuko, kupasha moto, kumeza: hilo lilikuwa jambo. Siku za kwanza alijiona ana nguvu. Akapika, akadeki duka. Alifika kifuko cha arobaini na kitu ndipo siku ya dripu ya sita ikafika.

Walimtoa damu kwanza, kama kila mara. Daktari Pyo aliitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Vipimo vya ini vimepanda mara nne," alisema. "Umekunywa nini?"

"Maji. Chai ya shayiri."

"Dawa za asili? Uyoga? Chochote cha kuchemsha?"

"Aa-aa."

Alimtazama. Geum-rye naye alimtazama, kwa uso uleule ambao kwa miaka thelathini aliwaambia wazee kwamba upara hauonekani sana.

"Leo hakuna dripu," daktari alisema. "Rudi baada ya wiki mbili."

Kwenye treni alikaa karibu na dirisha, na ule uongo ukakaa naye kiti kimoja. Alikuwa amepoteza wiki mbili. Na alikuwa amempotosha mtu aliyeuliza swali kwa nia njema. Alipofika nyumbani alilisukuma boksi chini ya sinki na hakugusa tena hata kifuko kimoja. Lakini vidole vilibaki palepale, kama mshumaa uliopoa, na juu yao alikuwa amekwisha kata shauri: havitabaki hivyo, hata kama itabidi avifuate mtaa kwa mtaa.

Mtaa wa tatu kutoka dukani kwake kulikuwa na zahanati ya Tabibu Cheon Mi-ran, mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyesomea tiba za asili chuo kikuu na kufanya kazi miaka sita katika hospitali ya tiba hizo, kwenye wodi ya wagonjwa wa saratani, kabla ya kurudi kwao. Geum-rye alimjua kwa sura tu. Aliingia akiwa amejiandaa kama mtu anayekwenda sokoni kudai samaki mkubwa.

"Nataka dawa kali ya ganzi," alisema hata kabla hajakaa. "Kali kabisa."

Tabibu alimpa kiti, akamwomba mkono. Aliweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo, akanyamaza kwa muda ambao Geum-rye angeweza kunyoa nusu kidevu. Akahamia mkono wa pili. Akatazama ulimi. Akaandika.

"Unatumia nini kingine, mama?"

"Dripu."

"Kingine?"

Geum-rye akavuta mkoba wake magotini.

"Mshipa wako unaniambia umechoka na hulali vizuri," Tabibu Cheon alisema. "Hauniambii umekunywa nini. Hilo mpaka useme mwenyewe."

Basi akasema. Akatoa na kifuko kimoja mkobani, maana alikuwa amekuja nacho bila kujua kwa nini. Tabibu alikikata pembe, akanusa, akaonja tone kwenye ncha ya ulimi, akatema kwenye karatasi.

"Uyoga naunusa. Vingine sivijui. Na kuvijua ndiyo kazi yangu."

"Sawa. Nipe basi ya kwako unayoijua."

"Sikupi."

"Hunipi?"

"Cha kunywa sikupi hata kijiko, mpaka ini lako litulie na daktari wako ajue kwamba uko hapa. Sindano zetu zisizo na dawa nitakuchoma, na majani makavu ya pakanga nitakuchomea juu ya ngozi, yakupe joto. Lakini hata hivyo kwanza ukamwambie. Nitakuandikia barua."

"Atanifukuza!"

"Hatakufukuza. Atakasirika. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Wewe huwajui madaktari wakubwa."

"Miaka sita nimekula nao chakula cha mchana meza moja. Wanajua kununa, na wanajua kusoma barua."

Geum-rye alisimama. "Mji mzima huu unanuka dawa," alisema, "mbwa wakipita wanapiga chafya kwa ajili ya dawa, halafu mimi peke yangu ndiye nanyimwa!" Akatoka, akaubamiza mlango, kengele ya mlangoni ikalia mpaka akafika kona.

Kesho yake asubuhi alirudi kuichukua barua. Hakuomba msamaha kwa ajili ya mlango, na tabibu hakuutaja.

Siku ya miadi alimwambia Seok-gyu abaki nje. Akaingia kwa Daktari Pyo, akaiweka barua mezani, na juu ya barua akaweka kifuko cha maji meusi.

"Daktari, mara iliyopita nilikudanganya."

Daktari Pyo alisoma barua yote, mpaka sahihi. "Vifuko vingapi?"

"Arobaini na kitu. Nimeacha siku ileile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, naam."

"Ndiyo maana sikusema."

Alivua miwani akajisugua macho, na kwa mara ya kwanza Geum-rye aliona kwamba hata yeye analala kidogo. "Sikiliza, mama. Vipimo vikipanda na mimi sijui sababu, nalazimika kudhani ni dripu. Leo nilikuwa nimeshaandika nikupunguzie kipimo. Unaelewa? Ningekupunguzia dawa inayokupigania, bure, kwa sababu ya maji ya uyoga."

Geum-rye alikivuta kile kifuko upande wake wa meza. Kitu kama barafu kilimpita mgongoni, na safari hii haikuwa ile dawa.

"Wagonjwa wangu wengi wanakunywa kitu," daktari aliendelea. "Nawanusa wakiingia. Wanaokuja kuniambia hapa mezani ni wachache." Akaichukua barua, akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu. "Kuhusu sindano: siwezi kukuahidi zitakusaidia, sina ushahidi wa kunitosha. Wala sioni zitakudhuru, mradi chembe zako nyeupe za damu zisishuke chini ya hapa. Zikishuka, asikuchome, utapata maambukizi. Nambari hiyo mpelekee. Na aniandikie kila anapobadilisha kitu."

Damu ilikuwa imetulia. Siku hiyo alipata dripu yake ya sita, kwa kipimo kizima.

Habari zilimfikia wifi kabla wiki haijaisha, na wifi akafika kabla habari hazijapoa.

"Umekwenda kunitangaza hospitali kwamba mimi mchawi!"

"Nilisema uyoga. Sikusema wifi."

"Nimetoka jasho kuutafuta uyoga ule! Nilipanda mlima kwa magoti haya mabovu!"

"Najua ulipanda." Geum-rye alimvuta akae kwenye kiti cha magazeti. "Wifi, unataka kunisaidia kweli? Seok-gyu yuko shambani anapogoa mizabibu, na mimi nikishika mlango wa treni baridi inanirusha. Nipeleke Daegu kwa gari, kila Jumatatu ya dripu. Hapo ndipo pa kutolea jasho."

Jeom-suk alinuna siku tano kamili. Jumatatu iliyofuata alikuwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, gari limeshapata joto, na usukani ameuvika kitambaa cha sufu kana kwamba ni Geum-rye atakayeendesha. Hakukosa hata Jumatatu moja tangu hapo, wala hakuacha kulalamika hata Jumatatu moja.

Mara ya kwanza kwenye kitanda cha Tabibu Cheon, Geum-rye alilala chali, macho kwenye dari, akingoja maumivu.

"Anza basi," alisema baadaye. "Mbona unanitesa kwa kuningojesha?"

"Nane tayari, mama."

Aliinua shingo. Sindano nane, nyembamba kama unywele, zilikuwa zimesimama kati ya vidole vyake, nne kila mkono, na hakuna hata moja aliyoihisi. Ndipo alipolia. Hakulia siku ya kupasuliwa, wala siku ile wembe ulipoteleza, lakini hapo machozi yalimshuka mpaka masikioni, na tabibu akayafuta, maana mwenyewe alikuwa amekatazwa kutikisa mikono. Baadaye zikawaka zile punje za pakanga kavu juu ya vifundo na chini ya magoti, moshi wake mzito ukijaza chumba, na joto likaingia polepole mpaka akasinzia.

Alikwenda mara mbili kwa wiki. Wiki moja chembe nyeupe zilishuka chini ya ile nambari, na tabibu alimrudisha mlangoni bila kumgusa. Wiki ya sita, sindano ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilipoingia, alipiga ukelele, "Mwanaharamu!"

Tabibu Cheon aliacha mkono hewani, akacheka kwa mara ya kwanza. "Nitukane tena," alisema, akachukua nyingine.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Kuna wiki alihisi sindano tatu, wiki iliyofuata sifuri. Kwenye dripu ya tisa alishindwa kufunga kitufe mbele ya Daktari Pyo, na daktari akaamua kuiondoa ile dawa iliyoleta ganzi. Kwenye dripu tatu za mwisho angepata zile dawa nyingine tu. "Tumeshapata kwake kikubwa tulichokitaka," alisema. Mwanzoni mwa Juni akamaliza. Picha zilikuwa safi. Seok-gyu alinunua supu ya mifupa ya ng'ombe kwa ajili ya wauguzi wote wa zamu, wauguzi wakasema hairuhusiwi kupokea, akabeba sufuria zima kurudi nalo kwenye gari la dada yake, nusu ikamwagika.

Wengi wangedhani hadithi inaishia hapo. Lakini kiangazi hicho, dripu zikiwa zimekwisha, ganzi ilizidi. Daktari alikuwa amemwonya kwamba huwa hivyo kwa wengine: dawa imeondoka, madhara bado yanapanda. Kuonywa hakukumpunguzia kitu. Mwezi wa Julai alitembea kana kwamba kila kiatu kina mchanga ndani. Alikutana na mwenye duka la jirani, ambaye alimwuliza kwa upole kama angependa kuuza kiti chake cha kunyolea.

"Kiti kina mtu," Geum-rye alijibu.

"Mbona sioni mtu?"

"Amekwenda kuota ndevu."

Ini lilikuwa zima sasa. Tabibu Cheon aliandika orodha ya mizizi tisa ya kumsaidia kulala na kula, akaituma Daegu. Daktari Pyo akakata mmoja asioupenda, akairudisha. Tabibu akauondoa bila ubishi. Geum-rye akanywa hiyo minane. Ilikuwa michungu kuliko uyoga, na alimwambia Jeom-suk hivyo, na Jeom-suk alifurahi sana.

Siku moja, akiwa na sindano mikononi na miguuni, aliuliza swali alilokuwa amelibeba muda mrefu. "Tabibu, niambie kweli. Nikipona vidole, ni sindano zako au ni muda tu?"

"Sijui."

"Jibu gani hilo la mtu aliyesoma?"

"Ganzi ya wengine hupungua yenyewe. Ya wengine haipungui hata ukiwachoma mpaka wawe kama nungunungu. Nikikuambia ni mimi, nitakuwa sawa na yule mzee wa milimani. Wewe mwenyewe unaona nini?"

Geum-rye alifikiri. "Wiki nikija, nalala. Na vidole vinakuwa vyangu siku mbili, siku tatu. Halafu vinakwenda zao."

"Basi njoo," tabibu alisema, "na uendelee kuvifanyisha kazi."

Septemba alinunua maputo. Ndivyo baba yake alivyomfundisha akiwa na miaka kumi na saba: puto lipulizwe mpaka likakamae, lipakwe povu, linyolewe kwa wembe mpaka liwe safi. Likipasuka, umemuua mteja. Aliutoa wembe kwenye droo, akaunoa kwenye mkanda wa ngozi, akapaka povu puto la kwanza.

Lilipasuka kwa mshindo. Seok-gyu alikuja mbio kutoka nyuma na ndoo ya maji, akidhani ni mtungi wa gesi.

"Nani kafa?"

"Mteja."

Aliwaua wateja wengi mwezi huo. Kila siku maputo kumi, kwenye kiti kilekile, povu likimrukia usoni. Jeom-suk ndiye aliyekuwa akipuliza, akisema kizunguzungu kinamsumbua na ndugu wa watu wanataka kummaliza. Geum-rye alijiwekea sharti: thelathini mfululizo bila kupasua hata moja, ndipo amguse binadamu. Alifika kumi na tisa, likapasuka. Akaanza moja. Alifika ishirini na saba, Jeom-suk akapiga chafya, likapasuka.

"Hilo halihesabiki!" Jeom-suk alisema. "Ni mimi!"

"Wateja nao hupiga chafya," Geum-rye alisema, akaanza moja.

Katika kuanza huko kote aligundua kitu. Zamani ncha za vidole ndizo zilizomwambia wembe uko wapi. Sasa ncha hazikusema sana, lakini kifundo kilisema, na sikio nalo, maana wembe unaopita sawasawa una sauti yake, kama karatasi laini inayochanwa. Akabadilisha jinsi ya kuushika. Akaegemeza kidole kidogo mahali ambapo baba yake angemkemea. Mwishoni mwa Novemba alinyoa puto la thelathini, akalifuta povu kwa taulo, akaliweka kitini polepole, akaketi chini sakafuni.

Wa kwanza kumnyoa alikuwa mumewe. Seok-gyu alifumba macho, akashika mikono ya kiti.

"Mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki. Nasali."

Alitoka bila mkwaruzo. Siku ya pili akaitwa Mzee Bae, ambaye kwa karibu mwaka mzima alikuwa amekataa wembe wa mtu mwingine, na ndevu zake zilikuwa zimemfikisha mahali ambapo wajukuu walimwita babu mbuzi. Geum-rye alizipunguza kwa mkasi, akapaka povu, akaweka taulo la moto, akalitoa. Alinyoa shavu la kushoto, akanyoa kidevu, akafika chini ya sikio la kulia. Hapo alisimama akavuta pumzi.

"Hilo bado nalihitaji," Mzee Bae alisema.

"Nyamaza, usitikise taya."

Alimaliza. Mzee alijipapasa uso, akajitazama kiooni upande huu na upande ule, akasema amekuwa kijana kiasi cha kumwogopesha mkewe. Alipotoka, Geum-rye aliibandua ile karatasi ya mlangoni kwa kucha. Ilikuwa imegandamana na kioo kwa jua la mwaka mzima, ikambidi aikwangue kwa maji ya moto.

Vidole vyake havikurudi vyote. Nane, alikuwa akisema akiulizwa. Vile viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilibaki na usingizi wao, na nyayo zake hata leo haziivumilii baridi. Zahanati aliendelea kwenda mara moja kwa wiki, Daegu kila baada ya miezi sita, na barua kati ya matabibu hao wawili alizibeba mwenyewe hata walipomwambia zinaweza kutumwa kwa kompyuta.

Kilichomuudhi baadaye ni maneno ya mji. Walisema sindano za Tabibu Cheon zimemponya saratani. Jeom-suk naye, akiwa na marafiki zake, alisema ni uyoga, mradi wifi yake hayuko karibu kumsikia. Mwaka wa tatu, siku ya soko, akaingia Mzee Do, mkulima wa zabibu mwenye mikono mikubwa, akakaa kitini na hakuvua kofia.

"Wameniona kitu tumboni," alisema. "Wanataka kunipasua Jumanne. Nasikia wewe ulipona kwa sindano. Nielekeze kwa huyo mtu, niachane na visu."

Geum-rye alimvua kofia mwenyewe, akaitundika.

"Sikiliza, mzee, tena vizuri. Saratani yangu ilitolewa kwa kisu, ikafukuzwa kwa dripu. Sindano zilinisaidia kulala, kula, na kukushika wewe hapo ulipo bila kukukata. Anayekuambia vingine hanipendi mimi wala wewe. Jumanne unakwenda Daegu."

"Na tabibu?"

"Na kwa tabibu utakwenda, tena leo, ukitoka hapa nitakupeleka. Lakini kila utakachomeza kwa huyu utamwambia yule. Hata kama ni maji ya uyoga ya dada yako."

"Umejuaje kuhusu dada yangu?"

"Kila mtu ana dada."

Mzee Do alitazama mikono yake. "Naogopa, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake.

"Mimi pia niliogopa. Ogopa, lakini usikose Jumanne." Akampaka povu kidevuni. "Nani anakupeleka?"

"Mwanangu yuko Ulsan. Nitapanda treni."

Geum-rye alikwenda kwenye simu ya ukutani akampigia wifi yake. Jeom-suk alilalamika kuhusu magoti, kuhusu barabara, kuhusu watu wasiojua kuumwa siku za kawaida, kisha akauliza ni saa ngapi.

"Saa kumi na mbili asubuhi," Geum-rye alisema. Akaweka simu, akaufungua wembe, akarudi kitini. "Inua kidevu, mzee. Huwezi kwenda hospitali na sura hiyo."